Miche ya Tuta la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiwekea ahadi: humu nitaandika yote, hata yasiyonipendeza.

Leo miche ya mchicha imeng'olewa tena kwenye tuta la mama. Si mbuzi. Mbuzi angekula. Hii imelazwa chini, mizizi juu.

Bustani iko nyuma ya zahanati. Muuguzi aliianzisha baada ya zile vurugu za kugombea maji, upande wetu wa barabara na upande wao. Kaka yangu alipigwa jiwe siku ile, akafa. Mama akalala akitazama ukuta kwa miezi. Muuguzi ndiye aliyemtoa kitandani. Sharti lake ni moja: tuta lako huligusi. Unamwagilia la mwenzako wa upande wa pili, naye anamwagilia lako. La mama linatunzwa na fundi cherehani wa ng'ambo – wote tunamwita Mama Sindano.

Mama ameitazama miche, akasema, "Mkono wa fundi huo. Umezoea kufumua."

Wanawake wa upande wetu wakacheka. Nami nikacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia mama akitania.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita bustanini nikienda shule. Miche imerudishiwa, mstari umenyooka kama mshono. Nani mwingine hupanda hivyo? Sasa mtu ang'oe, halafu apande – ili aonekane mwema? Simwamini. Mwalimu hutuambia tusimhukumu mtu bila ushahidi. Haya, nitautafuta.

Mama amekula, akaomba aongezewe.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya masomo nilijibanza nyuma ya tangi la zahanati. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja. Mama Sindano alibaki mlangoni akizungumza na muuguzi.

Kisha mama akarudi peke yake, eti kasahau kitambaa chake. Akapiga magoti kwenye tuta lake mwenyewe. Akang'oa mche, akaulaza. Akang'oa mwingine. Taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

Mama yangu.

Jioni alisimama uani akiwaambia majirani, "Si nilisema? Watu wale hawapandi, wanang'oa." Sauti ina nguvu. Siku hizi anachana nywele, anaoga bila kubembelezwa. Hasira imemsimamisha. Nikisema nilichokiona, si atarudi kwenye ule ukuta?

Sijala.

Jumapili, 9 Machi

Muuguzi ameitisha kikao kesho. Watu wa upande wetu wanataka Mama Sindano aondolewe.

Nimemkuta Mama Sindano bombani. Nikamwamkia, akaitikia. Nilitaka kupita, akaniita.

"Mwanangu, kesho usiseme ulichokiona."

Nikamuuliza, nimeona nini?

"Tangi lile halifichi sare ya shule," akasema. "Na mimi nina macho ya kutunga uzi. Nikiulizwa, nitasema ni mimi ninayeng'oa. Wewe niambie tu, mama yako sasa anakula?"

Nikasema anakula.

"Basi mwache ang'oe. Wakinifukuza, utarudishia wewe. Usifukie moyo wa mche, utaoza."

Alikuwa ananionyesha kwa vidole mche unavyoshikwa, lakini usoni haniangalii. Ndoo ilishajaa, maji yanamlowesha miguu, wala hafungi bomba. Nikalifunga mimi.

Njia nzima nimewaza. Mama anamtukana mbele za watu, yeye anauliza kama amekula. Nani hubeba mzigo wa mwenzake hivi, bure? Nilipofika mlangoni ndipo nikamkumbuka mwanawe wa kiume, rika la kaka. Wiki ileile ya vurugu alipelekwa mbali kwa wajomba zake, na hajarudi hata kusalimia.

Mama yuko chumbani, anapiga pasi gauni la kikaoni. Anaimba kidogo kidogo. Sijamwambia kitu.

Kesho nitamwahi Mama Sindano kabla hawajaketi. Nitamwamkia vizuri, nitauliza kwa adabu, na sitaondoka mbele yake bila jibu: Mama, siku ile ya vurugu, mwanao alikuwa wapi?