Mfungulie Mwanao

Mdogo wangu,

Huku tu wazima, na paa limezibwa. Sikuulizi hali yako kwa sababu nimekukasirikia.

Mkeo ananiambia umemfungia mwanao chumbani siku nne asiende kliniki kunywa methadoni, eti "hiyo nayo ni unga tu." Acha ujuaji! Ubongo wake ulizoea heroini mpaka ukasahau kujituliza wenyewe. Dawa hiyo inautegemeza wakati unapona. Akitoroka sasa akajidunga kipimo chake cha zamani, mwili usiokimudu tena utaacha kupumua.

Marehemu mume wangu nilimfungia hivyo hivyo. Alitoroka siku ya tano. Niliwaambia nyote kilichomuua ni moyo.

Aliyekuletea barua hii ni fundi wa makufuli. Mpishe.

Dada yako mkubwa