Hesabu Yangu Imetulia, Mwalimu Ameikataa

Mpendwa mshauri Bi Waridi, naomba msaada wako kwa sababu nikimweleza mama huniambia nimwombe Mungu, nami nimeomba, lakini mashindano ya sayansi ya Karatina yamekaribia. Niko kidato cha tano hapa Nyeri, na mradi wangu na rafiki yangu Wachuka ni kukokotoa jinsi mkebe wa maziwa unavyopoa ukitumbukizwa kijitoni, ili mkulima ajue kama yatafika salama kwenye lori la ushirika. Bwana Ngatia, mwalimu wetu wa hesabu, alitufundisha kwenda hatua kwa hatua, unachukua joto la sasa, unapata la nusu saa ijayo, unaendelea, lakini bati la mkebe hupoa upesi mno na maziwa hupoa polepole, kwa hiyo hesabu ya bati ikaanza kuruka, mara chini ya barafu, mara juu ya kuchemka, na Wachuka akacheka akasema, "Kagure, leta majani tupike chai mtoni."

Kaka yangu Muriithi, anayefanya kazi kwenye kompyuta ya chuo kikuu Nairobi, akaniandikia kwamba katika maktaba yao ya programu kuna njia za wanahisabati wawili, Runge na Kutta, ambamo joto la mwisho wa hatua, ambalo bado hulijui, linaingia ndani ya hesabu yenyewe, nawe unalitafuta kwa aljebra, na zile kubwa hupima mahali kadhaa ndani ya hatua moja. Nikajaribu iliyo rahisi kuliko zote na bati likatulia, nikafurahi mno, nikainua mkono darasani nikasema nimepata njia bora, naye Bwana Ngatia akasema, "Ati unatumia jibu kutafuta jibu? Msichana, hiyo ni kula githeri kabla ya kuinjika! Fupisha hatua zako, la sivyo jina lako halifiki Karatina." Lakini hatua fupi kwa mkono na vitabu vya logi zitanimaliza, na zote ni kwa ajili ya bati, ilhali mimi nataka maziwa. Wachuka anasema, "Chora tu mstari unaofuata kipimajoto, waamuzi watajuaje?" Tena hesabu yangu mpya inasema maziwa yana digrii 24 baada ya nusu saa, na kipimajoto kinasema 21, ila hilo sijamwambia mtu. Natamani kusomea kazi hii siku moja. Je, nimtii mwalimu au niishikilie njia yangu?

Kagure, Nyeri

Kagure mwanangu,

Pole. Kukaripiwa mbele ya wenzako kunauma. Lakini nawe ulimtangazia mwalimu wako njia bora darasani, kama aliyeshinda mbio. Mtu mzima akishtukizwa hadharani hujitetea kwanza, husikiliza baadaye.

Hesabu hizo mimi sizijui, ila naona umechanganya mambo mawili. Kutulia si kuwa sahihi. Hata mwongo hutulia. Njia yako imelituliza bati, vizuri, lakini maziwa imeyakosea, na zile digrii tatu umezificha kwa sababu zinakuudhi. Basi umemzidi Wachuka kwa lipi? Yeye anataka kuwaficha waamuzi, wewe unamficha mwalimu. Usininunie. Mstari wake uchane leo.

Kaka yako alikwambia zile njia kubwa hupima mahali kadhaa, wewe ukakimbilia iliyo rahisi. Mwandikie akuonyeshe inayofuata. Bwana Ngatia akikataa hadi mwisho, fanya hatua zake fupi kwa nusu saa ile ya kwanza tu, uende Karatina na kazi ya kweli. Njia yako haitaoza.

Ila sidhani atakataa, ukienda vizuri. Mfuate ofisini wakati wa mapumziko, peke yako. Mwambie, "Mwalimu, njia yangu imekosea hapa, nisaidie." Anza na kosa. Kisha mwombe afanye hatua moja tu kwa mkono wake, mpaka lile joto asilolijua litoke kwenye aljebra yake mwenyewe. Usimharakishe, usimsahihishe. Mpe chaki, halafu nyamaza.

Bi Waridi