Mtoto wa Dirishani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua cha baba kimepoa, na wewe magoti yanakuruhusu angalau kufika uani. Mimi mzima, nimechoka tu. Kamba za barakoa zimenichimba nyuma ya masikio hadi nina vidonda. Usiniambie nipake mafuta, nimeshapaka.

Umenipigia simu mara nyingi kuniuliza kwa nini sitaki uje umchukue mjukuu wako, na kila mara nakujibu kwa ukali, mpaka ukamwambia baba kwamba ukunga umenipanda kichwani. Sikulaumu. Leo nimeona niandike, maana kwenye simu ungejua kwa sauti yangu kabla sijamaliza. Dereva wa gari la wagonjwa anapita huko mchana huu. Ukishasoma, panda urudi naye.

Nianze na mdogo wangu. Alivyoletwa wodini kwetu unajua: mimba ya miezi saba, ugonjwa umeshashika mapafu, akitamka neno moja anatafuta pumzi ya kutamka la pili. Wagonjwa wengine tunawalaza kifudifudi wapate hewa. Yeye na tumbo lile angelalaje? Nilikunja mablanketi nikayapanga kitandani, nikaacha shimo katikati la kuweka tumbo, tukamgeuza taratibu. Kule ndani sote tunavaa magauni na miwani, hatujulikani nani ni nani, kwa hiyo tunaandikana majina kifuani. Mimi wenzangu walikuwa wameniandika "Mkali", wala hawakuniuliza. Alipolisoma akacheka, mama, na pumzi hana. Nikamgombeza asicheke, kisha nikaenda stoo kulia.

Hewa ilipozidi kushuka daktari akasema mtoto atolewe, la sivyo tutawakosa wote wawili. Akapasuliwa. Nilikuwepo. Nilikuambia amejifungua msichana, na ni kweli. Nilikuambia ana pua ya baba, na hiyo nayo ni kweli.

Mama, kaa chini kwanza. Yule mtoto hakulia. Tulimhangaikia sana, nilimpa hewa kwa mikono yangu mwenyewe mpaka daktari akanishika bega niache. Tulimzika mimi na dereva huyuhuyu aliyekuletea barua. Shemeji bado amezuiwa mpakani na lori lake, naye nimemdanganya vilevile nilivyokudanganya wewe.

Sikukusudia uongo, haki ya Mungu. Unajua sisi wodini hatusemi mtu amekufa. Tunasema amepumzika, na tumelizoea hilo neno hadi hatulisikii tena. Mdogo wangu alipozinduka akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamshika mkono nikamwambia, "Amepumzika."

Akatabasamu. Akasema, "Basi msimwamshe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo, na sikufungua. Nilitazama mashine nikaona hewa yake imepanda kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Nikajiambia akipata nguvu nitamweleza. Akataka kumwona. Mwenzangu mmoja akamwomba mzazi wa chumba cha pili mtoto wake, akamwinua nyuma ya kioo cha dirisha. Tangu siku ile anakula uji bila kubembelezwa, na yale mazoezi ya kuvuta pumzi anayafanya kuliko mgonjwa yeyote. Mtoto wa watu ndiye aliyemponya, si mimi wala daktari. Halafu anakamua maziwa, mama. Kila asubuhi ananipa kikombe nimpelekee mwanawe, na ananisisitiza nisimwage hata tone. Nakipeleka kwenye sinki, nafungua bomba kwa nguvu nisisikie ninachokifanya.

Leo vipimo vimetoka, hana ugonjwa tena. Kesho anatolewa kule ndani, na anangoja kupakatishwa mwanawe. Yule mzazi aliruhusiwa jana, ameondoka na mtoto wake. Daktari anajua yote, ila kasema hilo ni la ndugu, tulimalize wenyewe. Nimewapa watu wengi habari mbaya, ndiyo kazi yangu, lakini kwake ulimi unanifia. Tangu asubuhi ananiuliza kama sabuni yenye harufu itamkera mtoto. Akishajua, sidhani kama ataniita dada tena, na hilo nimeshalikubali. Ninachoogopa ni kwamba hatataka tena kuvuta hizo pumzi. Sina mpango wowote, mama. Nimebaki na wewe tu, na najua hata wewe huna la kumwambia. Njoo hivyohivyo.

Msalimie sana baba, umweleze mwenyewe kwa namna utakayoona inafaa. Majirani waache kwanza wafurahi, kuna siku watajua. Shemeji nitampigia mimi, wewe usijitwishe na hilo.

Ningeandika zaidi ila ananigongea kioo. Ameshika kikombe.

Ni mimi binti yako wa kwanza.