Mstari wa Kumi

Jumatatu, 22 Septemba 2003
Nimetoka shifti nikaenda moja kwa moja kaunsili, ofisi za halmashauri yetu, kuchukua fomu. Kweli nagombea! Diwani Lambert kastaafu baada ya miaka ishirini, kiti kiko wazi, na lifti ya jengo letu imekufa tangu Julai. Natakiwa nipate watu kumi wa kata hii wanitilie sahihi. Fomu irudi Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Kumi tu! Nusu ya mtaa huu wa Kilburn wananijua.

Jumatano, 24 Septemba
Tisa. Blandina wa ghorofa ya pili ndiye wa kwanza, Darshan wa dukani wa tisa. Wazanzibari wenzangu wa huku ugenini — hata mmoja! Chai wananipa, sahihi hawanipi. Munir kauliza kama majina yatabandikwa hadharani. Nikasema ndiyo. Basi nimsamehe, mama yake anakwenda Pemba mwezi ujao, anaogopa jina lisije likamponza huko. Nimeondoka bila kumaliza chai.

Alhamisi, 25 Septemba
Nimemwomba Baba. Kwanza akataka kujua nani kamwandikisha kwenye daftari la wapiga kura. Mimi, nikamwambia, kila mwaka nakujazia. Kisha akaniambia jambo ambalo hajapata kulisema. Mwaka sitini na nne, ofisini kwao Unguja, watu saba walitia sahihi kuomba mwenzao aachiwe. Waliokuja kuwakamata walikuwa na karatasi ileile mkononi, wakifuata majina kuanzia juu. Baba alikuwa wa saba. Alipata muda wa kukimbia.

Nimeona haya. Na bado naitaka sahihi yake — Mungu anisamehe.

Ijumaa, 26 Septemba
Tumo ndani ya basi. Asubuhi Baba katoka chumbani keshavaa kanzu na koti, akaomba miwani, akasoma majina yote tisa kwa sauti. Akauliza, akitia sahihi, karatasi itakaa kwa nani? Uongo nilikuwa nao tayari. Sikuweza! Nikamwambia itakaa kaunsili, na yeyote akitaka ataiona. Akaikunja. Basi twende sote, akasema, nimwone usoni huyo atakayeipokea, ndipo nitie.

Saa sita kasoro robo. Barabara inachimbwa, hatusogei. Baba, tia hapahapa! Fomu iko mapajani mwake, mstari wa kumi mtupu. Kalamu kaishika yeye — haya nayaandika kwa penseli ya wanja.