Chupa Mbili za Maji ya Lambo

Jumatatu, 3 Machi

Vipindi vinne, chaki mbovu, kisha kwa miguu hadi kijijini Dirma, nilikopanga. Lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, limekuwa kijani zito, kama rangi ya ukuta. Pembeni, Mzee Tluway, mwenyekiti wa kamati ya maji, anasuuza mifuko ya mbolea ya urea ili awekee maharage. Kila nyumba hufanya hivyo ikimaliza kukuzia mahindi. Halafu wanashangaa maji kubadilika. Nimempa shikamoo kwa sababu ya umri tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano wa kijiji. Nimeeleza kama kwa kidato cha kwanza. Ukijani ule ni sianobakteria, viumbe wadogo mno wanaojitengenezea chakula kwa jua kama majani. Wengine wana sumu inayoua ng'ombe. Wanataka naitrojeni, nayo imejaa kwenye urea na samadi. Basi mifuko isioshwe lamboni, na mifugo inyweshwe chemchemini juu mlimani. Mzee Tluway aliuliza kama mwalimu wa kuja amewahi hata kukamua. Kicheko kirefu. Wapumbavu. Wamekubali kwa sababu tu juzi ndama wa mchungaji wa kanisa alikufa.

Nimejaza chupa mbili maji yale, nikaziweka dirishani. Moja naipa chembe za urea. Nyingine hapana.

Jumatano, 19 Machi

Ya urea, kijani. Iliyonyimwa, njano kama mkojo. Mama Paulina, mwenye nyumba wangu, anaona kinyaa. Mimi nimefurahi. Kiumbe asiye na ubongo amehisi naitrojeni imekwisha. Ameacha kuzaana, anakula protini za rangi yake mwenyewe ili apate naitrojeni iliyomo, amejiwekea akiba ya wanga, ametulia. Kamati ya maji haina akili hiyo.

Lambo nalo limepauka. Nimetia urea kidogo kwenye chupa ya njano. Nione.

Jumapili, 23 Machi

Baada ya ibada, wote lamboni kushukuru. Kwaya, maombi, hotuba. Mzee Tluway ametangaza kwamba wadudu wamekufa. Nimeinua chupa yangu: ilikuwa njano, nimeilisha, imerudi kijani. Hawafi, wanalala.

"Mwalimu, unawaombea ng'ombe wetu mabaya," akasema Mzee Tluway.

Makofi, kwake yeye. Jioni alikuwa palepale lamboni akisuuza mifuko yake iliyobaki, na wengine nyuma yake na ng'ombe wao. Ni Mama Paulina peke yake aliyempeleka ng'ombe wake chemchemini. Anaye mmoja tu, mwenye mimba. Sidhani kama ameelewa. Ameogopa.

Alhamisi, 27 Machi

Lambo ni kijani tena. Nimepita nyumba kwa nyumba. Wananikaribisha ugali, wananisikiliza kwa adabu, kisha wanaswaga ng'ombe kwenda lamboni. Inachosha kumdharau mtu huku unakula chakula chake. Lakini nawadharau.

Jumamosi, 29 Machi

Maksai wote wawili wa Mzee Tluway wamekufa. Ndio waliolima shamba lake na mashamba ya majirani. Nilikwenda na maneno yangu tayari, makali, nimeyapanga njia nzima. Nimemkuta amekaa chini karibu na vichwa vyao, anafukuza nzi.

"Karibu, mwalimu." Yeye ndiye aliyeanza.

Nilisahau hata shikamoo. Nimerudi nyumbani na maneno yangu yote.

Jumapili, 30 Machi

Mama Paulina hakwenda ibadani. Amepanda chemchemini asubuhi kwa ajili ya ng'ombe wake. Amepanda tena kumtekea maji ng'ombe wa maziwa wa Mzee Tluway, ng'ombe pekee aliyebaki zizini kwake. Mzee yule alimcheka wiki nzima kwa kupanda chemchemini. Huruma ya kijinga, nimesema moyoni. Amerudi, akaegemea mlango, akashika kiuno. Maji hayakutosha. Akatoka tena.

Ndoo yangu ilikuwa na nguo chafu. Nimezitoa, nikamfuata chemchemini.

Mzee Tluway alitufungulia zizi. Nimempa shikamoo.