Majani Mazima ya Mama

Nkololo,
S.L.P. 61,
Bariadi.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Blandina,

Mwangaluka. Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Sikuwa mgonjwa, wala sikukusahau; nilikuwa na jambo ambalo sikujua namna ya kuliandika. U hali gani huko Tunduru? Goti lako limepata nafuu? Sisi ni wazima, na pamba imeanza kupasuka.

Tangu mwezi wa pili ninawafundisha akina mama wa hapa, kila Jumamosi, mambo aliyotufanyia mama: mvuke wa kivumbasi kwa mafua, majani ya mpera kwa tumbo la kuhara, na kuminya upande wa ndani wa kifundo cha mkono kwa kichefuchefu. Mjamzito haminywi kati ya kidole gumba na cha shahada; hilo nimelirudia mpaka wananicheka. Mtoto mwenye homa kali, au anayepumua kwa shida, hupelekwa zahanati bila mjadala.

Unakumbuka jinsi mama alivyotwanga majani ndani, mlango umefungwa, ili asiyekuwa wa nyumba yetu asiyatambue? Hata kuyataja njiani tulikatazwa. Nikisikia harufu ya kivumbasi, namwona amekaa kwenye kigoda, mguu wako mapajani mwake, akiuminya mpaka usingizi unakuchukua. Nami nilijifanya ninaumwa ili niminywe.

Mimi nimeyaweka majani mazima kwenye ungo. Jirani yangu Monika alipoyaona alisema, "Kumbe ndiyo haya, Mwalimu? Basi mbuzi wangu anayeyatafuna amekuwa mganga miaka yote." Tulicheka sana.

Kaka Ngassa hakucheka. Alikuja kutoka Migato, akasimama mbele ya ule ungo, akasema, "Lukresia, umemvua mama nguo mbele ya watu." Nikamjibu kwamba mama aliwatibu watoto wa majirani. Akasema, "Aliwatibu. Hakuwafundisha."

Amesema nikiendelea, nisikanyage tena nyumbani kwa mama. Kaburi lake liko pale, na unajua kwamba mimi ndiye ninayelipalilia kila mwaka.

Kwa upande mwingine yuko Minza, mama kijana ambaye zamani alimkimbiza mwanawe zahanati kwa kila chafya. Sasa anajua lipi la kutuliza nyumbani na lipi la kukimbilia kwa daktari. Juzi aliniuliza kama Jumamosi waje. Nilimwambia nitamjulisha, nikageuka kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Msalimie shemeji Onesmo, na umbusu binti yenu Winnie kwa niaba yangu. Mungu aitunze nyumba yenu na akupe magoti ya kukuleta kwetu.

Bado sijaamua. Nikiamua nitakuandikia, nawe utajua kabla ya Ngassa.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Lukresia