Vidonge Madhabahuni

Ijumaa, 1 Agosti 2025

Wachungaji wazima ninaowafundisha Biblia, na matumbo yao, wamekalia viti vya chekechea! Shule ikifungwa tunaazimwa darasa, lakini viti vikubwa hakuna. Biblia yenye maelezo ni moja, inazunguka kama sahani ya sadaka. Sawa, hayo nimezoea.

Aliyenikera ni Askofu Festus. Ati wageni wa ng'ambo wanafika Voi Jumapili ya tarehe kumi, kwa hivyo wanafunzi wote wawekewe mikono ya uchungaji siku hiyo. Wote! Nikamwambia Askofu kwamba Sylus wa Mraru sijamwona akihubiri kanisani kwake. Akasema basi nenda keshokutwa umwone, umalize. Umalize — kana kwamba naenda kuchuma sukuma wiki.

Ila Sylus nampenda, kusema kweli. Ana bidii. Wengine wakisinzia yeye anauliza maswali.

Jumapili, 3 Agosti

Andika tu, Mkamburi.

Kanisa la mabati, limejaa mpaka nje. Sylus amehubiri vizuri — utangulizi, hoja tatu, kila kitu nilichomfundisha. Nami nimekaa mbele natabasamu, mjinga mimi! Kisha akamwita mama mmoja, Syombua, na binti yake Tracy wa miaka tisa. Mtoto ana kifafa. Dawa anapata dispensari, anameza kila siku, na mwaka huu wote hajaanguka. Mama mwenyewe ndiye aliyetoa ushuhuda huo. Sylus akarukia hapo hapo: huo ni uponyaji, na aliyepona hamezi dawa! Mama akaenda akaweka vidonge madhabahuni. Vigelegele.

Mgeni lazima asalimie kanisa, kwa hivyo nikapewa maiki. Bwana asifiwe, nikasema, Mama Tracy, chukua dawa za mtoto, hajaanguka kwa sababu anazimeza — kinanda kikalia! Sylus alimkonyeza mpiga kinanda, nilimwona kwa macho yangu haya. Kwaya ikasimama. Nikabaki napayuka kwenye maiki iliyozimwa, kina mama wakicheza wamenizunguka. Nafikiri walidhani nimeshukiwa na Roho!

Nilimfuata Syombua nje. Hakukasirika hata kidogo. Akaniuliza kwa upole, si wewe ndiye mwalimu wake? Kama anakosea, ulimfundisha nini?



Jumatatu, 4 Agosti

Nimeitwa kwa Askofu. Hakunikaribisha hata chai. Nimemwaibisha mtumishi mbele ya kondoo wake, ati. Wewe Mwalimu fundisha Biblia, mambo ya dawa waachie madaktari.

Jamani! Si ndiyo niliyokuwa nasema!

Nikamwambia, Baba Askofu, huyo mtoto atakufa. Akasema nisitamke mauti. Sylus hawezi kuachwa kwa sababu kanisa lake ndilo limejaa, na wageni watapelekwa huko kupiga picha. Nimesema sitamwidhinisha. Amesema hanihitaji, atamwidhinisha mwenyewe. Shindwe!

Jumatano, 6 Agosti

Sylus amekuja darasani, akaketi mbele kama kawaida. Kama hakuna kitu! Nikamtoa nje, kando ya tangi la maji.

Luka alikuwa nani, Sylus? Tabibu, Mwalimu. Na tulimsoma kwa muda gani? Wiki nzima, Mwalimu. Basi!

Halafu akasema dawa zikirudishwa watu watasema Mungu ameshindwa. Nikamwambia la, watasema Sylus ameshindwa, na hicho ndicho unachoogopa. Akaanza kulia. Sikumhurumia.

Uchungu ni kwamba si mtu mbaya. Mume wa Syombua alipofariki, Sylus alichimba kaburi kwa mikono yake, na mpaka leo humchotea huyo mama maji. Ndiyo maana anaaminiwa. Mimi ni nani kwa Syombua? Mwanamke aliyepiga kelele kanisani.

Ameniahidi ataenda kumwambia. Lini? Baada ya kuwekewa mikono, akasema.

Baada!

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeenda Mraru. Mlango umefungwa. Jirani kasema wako kwenye maombi ya kufunga, mtoto pia. Mtoto! Anafunga!

Ijumaa, 8 Agosti

Niko hospitalini, naandikia kwenye benchi.

Tracy ameanguka asubuhi akiosha vyombo. Akazinduka, akaanguka tena, akaanguka tena. Majirani ndio waliombeba, na mmoja wao akanipigia simu. Amedungwa sindano, ametulia, lakini bado hamtambui mtu. Daktari anataka alazwe na arudie vidonge leo hii. Syombua anataka kumpeleka nyumbani. Daktari amembembeleza. Mimi nimempigia magoti, mimi, sakafuni, mbele ya watu! Amenijibu neno moja tu: Mchungaji akisema, nitakubali.

Nimempigia Sylus. Amekuja na boda mbio mbio, suti mpya mwilini, pini za fundi bado ziko kwenye suruali. Ya Jumapili, bila shaka. Amefika mlango wa wodi, akasimama. Kisha akanigeukia mimi, macho yamemtoka: Mwalimu, niseme nini?

Niseme nini! Mtu anayehubiri saa mbili bila kumeza mate!

Sema ulikosea, nikamwambia. Mama Tracy, nilikosea, mpe mtoto dawa. Ndiyo hayo tu. Hayana utangulizi, hayana hoja tatu. Amejaribu hapa kwangu kwanza, kwa sauti ndogo. Amefika kwenye maneno Mama Tracy, amekwama. Amejaribu tena. Amekwama pale pale. Sasa amefungua Biblia, anatafuta mstari wa kuanzia — anatafuta mstari!

Naandika kwa sababu nikiinuka nitampiga kofi.

Syombua ametuona. Anamtazama Sylus, anangoja, na huku anamvisha mtoto viatu. Nenda, Sylus! Daktari ameondoka kumwita mkubwa wake. Nenda!

Anafunua kurasa tu. Syombua ameshafunga kiatu cha kwanza.